Jina Kwenye Mlango wa Fodi

Sura ya Saba

Jumapili ile Nasieku alifagia uwanja mara tatu, na mara zote tatu haukuwa mchafu. Mama yake alimwangalia mara ya kwanza akanyamaza, mara ya pili akaguna, mara ya tatu akamnyang'anya ufagio.

"Utachimba kisima ukiendelea hivyo. Nenda kaoge."

"Nimeshaoga, mama."

"Basi kaoge tena. Mtu anayeposwa hanuki jasho la ufagio."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha mama yake, Mama Rutha, siku hizi kilikuwa kifupi. Kilitoka, kikakumbuka jambo, kikarudi ndani. Nasieku alikizoea, lakini kukizoea si kutoumia, na siku ile kilimuuma zaidi kwa kuwa yeye alikuwa na furaha.

Shilinde alikuwa anakuja kupokea jibu. Barua ya posa ilifika wiki tatu zilizopita kwa mkono wa mjomba wake, na baba yake Nasieku, Mzee Lemayan, hakuruhusu hata isomwe. Alisema karatasi haina uso, kijana aje mwenyewe amtazame. Watu wote wa upande ule wa Rudewa walimjua Mzee Lemayan: neno lake lilikuwa moja. Akikubali, amekubali. Akikataa, hakuna mshenga aliyewahi kurudi mara ya pili katika boma lile. Nasieku alikuwa na miaka ishirini na sita. Alishapendwa kidogo kidogo na watu wawili watatu, na sasa alijua tofauti. Akimkosa Shilinde, angeishi, ndiyo, angekula na kulala, lakini asingekuwa na hamu ya kitu tena.

Jambo moja lazima lisemwe mapema. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu wa nne ambaye hatajwi. Alikuwa kaka yake Nasieku, mkubwa wake kwa miaka miwili. Alifariki miaka minne iliyopita kwenye barabara kuu inayokatisha mbugani, asubuhi, akiwa juu ya pikipiki anatoka Mikumi kuja nyumbani. Mzee Lemayan aliishika mila ya baba zake kama alivyoipokea: kijana akizikwa, jina lake linazikwa pamoja naye, kwa sababu aitwaye huitika, na marehemu akiitika hakuna anayejua atakuja na nini. Jirani mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye jina lilelile alimbadilisha mtoto wake jina kwa kumheshimu mzee. Hata mimi ninayesimulia nitajizuia kidogo.

Lakini asiyetajwa alikuwepo. Pikipiki yoyote ikipunguza mwendo barabarani, Mama Rutha aliinua kichwa kutoka kwenye kazi aliyokuwa nayo. Kigoda cha karibu na mlango hakuna aliyekikalia, wala hakuna aliyethubutu kukiondoa. Na Nasieku, akiwa peke yake jioni, alisikia mluzi ule wa kaka yake wa kuitia ndama, wa sauti mbili, akatoka nje akakuta ndama wamelala zao.

* * *

Yeye na Shilinde walikutana Kilosa mjini, katika duka la dawa za mifugo ambako Nasieku anauza. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka jana. Kijana mrefu mwenye madoa ya rangi vidoleni aliingia akaomba bomba la sindano, dogo kuliko yote.

"La ng'ombe au la mbuzi?" Nasieku aliuliza.

"La Fodi."

"Fodi ndio ugonjwa gani huo?"

Kijana alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatoa simu, akamwonyesha picha ya gari la kizamani lisilopakwa rangi bado, Fodi ya mwaka thelathini na mbili. Nasieku alidhani ni gari la kweli mpaka alipoona kidole gumba cha mtu kando yake, kikubwa kuliko tairi.

"Ni la plastiki. Linakuja kwenye boksi vipande vipande, unaliunda mwenyewe. Mchana napaka rangi magari ya watu gereji kule Mikumi. Nikitoka, napaka haya. Sindano natonea gundi. Ukitumia kijiti inamwagika, plastiki inayeyuka, gari linaonekana limeungua."

"Na hili mbona halina boneti? Mmeibiwa?"

"Ndio ujanja wenyewe, dada. Wenyewe wanaliita hotirodi. Unachukua gari la babu, unalikata paa liwe fupi, unalilaza chini, unaliwekea injini kubwa, halafu injini unaiacha wazi watu waione."

"Kwa nini waione?"

"Kuna faida gani kuwa nayo ukiificha?"

Aliyasema hayo huku akiangalia kucha za Nasieku, si uso wake. Nasieku alikuwa amezipaka rangi nyekundu, ile aipendayo tangu sekondari. Aliziangalia muda mrefu mno, na alipoinua macho yalikuwa na unyevu ambao Nasieku hakuuelewa. Kwa kuchanganyikiwa akampa sindano ya ng'ombe, kubwa kama pampu ya baiskeli. Shilinde akaipokea, akaondoka nayo, na kesho yake akarudi kuibadilisha. Kesho kutwa akarudi pia, akashindwa kupata sababu, akanunua dawa ya kupe.

Walikuwa na mwezi mmoja wa kupendana Shilinde alipouliza Nasieku ni wa ukoo gani. Alipoambiwa, akasema polepole, "Basi wewe ni dada yake..." Nasieku akamziba mdomo kwa kiganja kabla jina halijatoka. Shilinde akakibusu kile kiganja. Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo: alijaribu kumzungumzia rafiki yake aliyefanya naye kazi gereji moja, kiganja kikaja, naye akakibusu. Hakuna aliyemweleza mwenzake lolote.

* * *

Walifika saa tisa alasiri. Shilinde alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na mkononi alishika boksi lililofungwa kwa kitenge. Mbele yake alitangulia mjomba Hezekia kutoka kijiji cha Ulaya, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye miwani mfukoni na ugonjwa mmoja tu, wa kusoma. Njia nzima kutoka kijijini alikuwa amesoma kwa sauti kila kibao, kila ukuta, kila maandishi nyuma ya lori, mpaka Shilinde akatamani barabara isiyo na herufi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," Shilinde aliinama.

"Marahaba," alijibu Mzee Lemayan, na hakumwondolea macho.

Walikaa ndani, chai ya maziwa ikaletwa. Shilinde alitaka kukikalia kigoda cha karibu na mlango. Nasieku akawahi kumsogezea kiti kingine, na wageni wakadhani ni adabu. Habari za ng'ombe ziliulizwa, habari za mvua, habari za malisho. Mjomba Hezekia alijibu vizuri, maana na wao ni wafugaji na hawakuwa wageni wa mambo hayo. Ndipo mzee akamgeukia kijana.

"Baba yako ana ng'ombe?"

"Anao, mzee. Kule Ulaya."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Napaka rangi magari, mzee."

Mama Rutha alikuwa akimimina chai. Birika lilisimama hewani, kisha likaendelea.

"Magari," alisema mzee. "Ng'ombe wa baba yako hawakutosha?"

"Wanatosha, mzee, na bado nakwenda kuwaona. Ni mkono wangu tu ulipenda kazi nyingine."

Mzee Lemayan alimtazama muda mrefu. Nasieku alijua baba anamsikia nani katika sauti ile, kwa sababu na yeye alimsikia. Maneno yaleyale yaliwahi kusemwa katika chumba kilekile na kijana mwingine, yakaishia kwa kugombana. Alingoja, mikono imefumbwa mapajani.

"Hm," alisema mzee.

Nasieku alishusha pumzi. Hiyo *hm* aliijua. Ndiyo baba aliyoitoa mnadani akiwa amekwisha kumpenda ng'ombe na bado hataki mwenye ng'ombe ajue. Akamtupia Shilinde jicho la pembeni, Shilinde akalidaka, na kwa nukta moja walikuwa peke yao humo ndani.

Labda ni furaha ile iliyomponza. Shilinde alifungua kitenge kabla ya wakati.

"Mzee, nimeleta kitu. Ni cha nyumbani hapa."

Akatoa gari, akaliweka kiganjani kwa Mzee Lemayan. Lilikuwa Fodi lile la kwenye picha, lakini picha haikulitendea haki. Sasa lilikuwa jekundu la kung'aa, paa limekatwa likawa fupi, tumbo likakaribia kugusa chini. Injini ilikaa wazi na vyuma vyake vya rangi ya fedha, na kati ya vyuma zilipita nyaya nyembamba kuliko nywele. Shilinde alieleza zilivyotengenezwa: unapasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa, kikilegea unakivuta taratibu huku na huku mpaka kinakuwa uzi.

Mzee aliligeuza. Alipuliza magurudumu yakazunguka.

"Hii ndiyo injini?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona mmeiacha uchi?"

Mama Rutha alicheka, na safari hii kicheko hakikukatika mapema. Mzee mwenyewe midomo ilimcheza. Nasieku alitamani saa isimame hapo.

"Na hapa mlangoni pameandikwa nini? Nasieku, wewe ndiye msomi wetu. Soma."

Akainama. Kwenye mlango mdogo usiozidi ukucha kulikuwa na herufi nyeupe, ndogo, zimeandikwa kwa brashi kwa uangalifu mkubwa. Alizisoma mara moja, na damu ikamwisha usoni.

"Ni... ni namba tu, baba. Namba za gari."

"Namba?"

"Ndiyo, baba."

"Hapana, binti," alisema mjomba Hezekia kwa upole, na mkono wake ulikwishaingia mfukoni kutafuta miwani. "Hizo ni herufi. Ah, macho ya vijana wa siku hizi, simu zimeyamaliza! Lete nione." Akavaa miwani, akasogeza gari mwangani, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ileile anayosomea kanisani. "Sa-i-ta-ba-u. Saitabau!"

Mama Rutha alisimama na kikombe chake mkononi, akatoka kwa mlango wa nyuma, hakulia wala hakugeuka. Nje mbwa aliyekuwa amelala alinyanyuka akaanza kubweka akielekea barabarani, ambako hapakuwa na mtu.

Mzee Lemayan alichukua gari kutoka mkononi mwa mgeni akaliweka chini kwenye mkeka, taratibu.

"Nani aliyewaambia mlete jina hilo hapa?"

Tabasamu lilikuwa bado liko usoni mwa Shilinde, halijapata habari. "Mzee, ni kwa heshima. Sisi kwetu..."

"Sikuuliza kwenu. Mwenye jina hilo nilimlaza mwenyewe kwa mikono yangu. Mnamwamsha ndani ya nyumba ya mama yake, na siku mliyokuja kuomba dada yake?"

"Baba..." alisema Nasieku.

"Na wewe ulisoma, ukanidanganya." Mzee alichukua fimbo yake. "Chukueni gari lenu. Jibu mmelipata."

Akatoka kwenda kuwapokea ng'ombe. Mjomba Hezekia alibaki na miwani puani, anawatazama vijana mmoja baada ya mwingine.

"Nimesoma vibaya?"

"Hapana, mjomba," alijibu Nasieku. "Umesoma vizuri."

* * *

Mjomba Hezekia alitangulia barabarani peke yake kutafuta bodaboda, kichwa chini. Nasieku na Shilinde walisimama mbele ya lango la boma, pale mikonge ya zamani ilipoota ovyo. Jua lilikuwa limeanza kulegea na kengele za ng'ombe zilisikika kwa mbali. Shilinde alikumbatia boksi lake kifuani.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, Nasieku! Huohuo uliokuwa ukinibusu. Ungesema tu, jina fulani kwetu halitajwi."

"Fulani gani? Ili nikukataze kulitaja ningepaswa kulitaja kwanza. Sijalitoa mdomoni miaka minne. Nikijaribu, ulimi unakuwa mzito, naogopa."

"Kila nikianza habari zake uliniziba mdomo. Nilidhani ni mapenzi."

"Yalikuwa mapenzi pia."

Shilinde aligeukia pembeni. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikujua imwangukie nani.

"Kwetu marehemu asipotajwa ndipo anapohangaika," alisema baadaye. "Mtoto wa dada yangu alilia siku nne mfululizo, hospitali hawakuona kitu. Bibi akasema mpeni jina la babu yake. Wakampa, akanyonya, akalala. Ndivyo nilivyokua mimi. Leo nilipoiona nyumba yenu imekaa kimya namna ile, nilifikiri mna njaa ya kulisikia. Nilifikiri nawaletea chakula."

"Huwa anakuja kwangu ndotoni," alisema Nasieku. Hakuwahi kumwambia mtu. "Hana damu, hana jeraha. Anasimama tu mlangoni ananiuliza swali moja. Mimi naitwa nani? Nami najua, Shilinde, liko hapa kwenye ulimi, na siwezi. Anangoja, anangoja, kisha anaondoka kwa miguu. Mama asubuhi ananiuliza mbona macho yamevimba."

Shilinde akamvuta kwake, boksi likawa katikati yao. Alinuka sabuni na gundi. Nasieku alilia kidogo kwenye shati lile lililopigwa pasi, kisha akajikaza.

"Kwa nini uliliandika? Hata kama ni heshima, kwa nini mlangoni?"

"Sikuliandika mimi."

"Nani basi?"

"Yeye. Gari ni lake, Nasieku. Kuna mtalii aliharibikiwa na gari pale gereji, akatuachia boksi hilo kwa shukrani. Kaka yako ndiye aliyelikata paa. Akapaka mlango mmoja, akaandika jina lake kabla hata hatujafunga gurudumu. Nilimcheka sana. Mtu anaandika jina kwenye gari lisilo na injini! Akaniambia, nikilimaliza nampelekea baba, aone sikupotea bure."

Nasieku aliushika mkono wake, akaubana.

"Injini ni yangu, nyaya ni zangu, magurudumu ni yangu. Lakini mwili ulinishinda miaka mitatu, kwa sababu sikupata wekundu unaofanana na ule mlango. Nilijaribu rangi zote za gereji. Halafu nikaja kununua sindano, nikaona kucha zako."

"Ile chupa," alisema Nasieku. Sauti ilimtoka nusu. "Aliniibia chupa yangu ya rangi. Nilimnunia wiki nzima. Ndiyo ilikuwa wiki yake ya mwisho."

"Sikujua ni wewe. Nilijua tu kwamba yule dada ana rangi yangu."

Shilinde alifungua boksi, akalitoa gari, kisha akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa kiwembe kilichofungwa karatasi, kile anachokwangulia plastiki, hatembei bila hicho.

"Sikiliza. Herufi zile ni rangi tu. Dakika mbili zinakwisha. Namfuata mzee, namwonyesha mlango mtupu, naomba radhi mbele ya ng'ombe wake kama wanavyotaka wazee. Labda atanisikia. Sina njia nyingine ya kukupata." Akakitoa kiwembe kwenye karatasi. "Niambie nikwangue, nakwangua sasa hivi."

Nasieku aliutazama mlango ule. Herufi ya mwisho ilikuwa imebanwa kwa kukosa nafasi, kama kaka yake alivyokuwa akifanya kwenye madaftari yake yote. Kitu alichokuwa akikitaka maishani kilikuwa mbele yake na shati lenye machozi, na bei yake ilikuwa kukwangua herufi chache. Wembe ulisogea.

Akaudaka mkono wa Shilinde.

"Usiguse."

"Nasieku, tutapotezana moja kwa moja. Baba yako hana neno la pili."

"Najua. Usikwangue. Nikikupata kwa kumfuta Saitabau, nitakaaje na wewe nyumba moja? Kila nikikutazama nitaona wembe."

Alilitaja jina. Hakugundua mpaka lilipokwisha kutoka, na hata hapo hakujutia.

"Lete hilo gari," ilisema sauti nyuma yao.

Mzee Lemayan alikuwa amesimama upande wa pili wa mikonge, ng'ombe wakimpita kulia na kushoto kuingia bomani. Hakuna aliyejua amekuwa hapo muda gani. Shilinde alimpa gari kwa mikono miwili. Mzee hakuangalia mlango kabisa, kwa kuwa herufi hazikumwambia kitu. Alipitisha kidole gumba juu ya paa, pale lilipokatwa, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Nani alikata hapa?"

"Yeye, mzee."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Limelala upande."

"Ndiyo, mzee. Nilitaka kulisawazisha kwa msasa. Nikashindwa."

Mzee alinyoosha mkono akamshika pembe ng'ombe aliyekuwa akipita, jike la madoa, akamgeuza kichwa. Sikioni alikuwa na alama ya ukoo, mkato mmoja wa kisu, nao umelala upande uleule. Nusu ya kundi lile lilikatwa masikio na kijana aliyetumia mkono wa kushoto, na baba yake alikuwa akiwapita kila asubuhi na kila jioni. Akamwachia ng'ombe aende.

"Umekaa na kitu hiki miaka mingapi?"

"Minne, mzee."

"Chumba unacholala?"

"Juu ya meza, karibu na kitanda."

"Na anakuja?"

Shilinde alimtazama Nasieku, hakujua kama aseme kweli. Nasieku akamwitikia kwa kichwa.

"Anakuja, mzee. Nikiwasha mshumaa nivute plastiki, najua kuna mtu amekaa nyuma yangu. Simwogopi. Nikikosea, namsikia anacheka."

"Anacheka vipi?"

"Puani. Anajizuia, halafu inamshinda."

Mzee Lemayan alisimama na lile gari dogo mkononi, macho yakimlowa. Ng'ombe wa mwisho aliingia bomani na vumbi likaanza kutua. Nasieku hakuwahi kumwona baba yake akilia. Hata siku ya mazishi hakulia, na miaka yote hii alimhesabu kuwa mtu mgumu.

"Mimi nililikataza jina lake ili asirudi," alisema mzee. "Nililishika neno la wazee, sikuteleza hata siku moja. Na kweli limefanya kazi. Kwa dada yake anakwenda. Kwako mgeni anakwenda." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Kwangu mimi hajaja hata mara moja."

Nasieku alitaka kumshika baba mkono, na kwa kuwa haikuwa desturi yao, akamsogelea tu mpaka mabega yakagusana, na mzee hakujitoa. Walikaa hivyo mpaka ng'ombe walipotulia ndani ya boma.

"Nasieku," baba yake alisema, macho yake yakiwa bado kwenye lile paa lililolala upande.

"Abee, baba."

"Mwite mama yako atoke huko nyuma. Halafu mletee mumeo kiti hapa nje. Nataka anisimulie huyo mtoto anacheka saa ngapi."

Nasieku alivua viatu akavishika mkononi, akakimbia kuelekea nyumbani.